Milimita Nane Juu ya Taya

Siku ya Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, daktari wa meno alimwinulia karani wa masijala sakafu ya kijumba cha hewa kilicho juu ya taya, upande wa kushoto, kwa kiasi cha milimita nane. Kazi yenyewe ilichukua saa moja na dakika ishirini. Karani alilala chali kwenye kiti, kinywa wazi, nusu ya uso imekufa ganzi, macho yameelekea darini ambako mtu alikuwa amebandika picha ya paka ili wagonjwa wapate cha kutazama. Alimtazama paka huyo mpaka akamjua sharubu moja moja.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono midogo, na alikuwa na tabia ya kueleza kila anachofanya, kama mtu anayemwelekeza mwenzake kupika kwa simu.

"Sasa nimefungua kidirisha kwenye mfupa," alisema. "Kidogo tu, kama punje ya haragwe. Ndani nauona utando. Ni mwembamba kama ile ngozi ya ndani ya ganda la yai. Huu ndio ninaousukuma juu, polepole, usije ukachanika. Ukishapanda, chini yake panabaki nafasi. Nafasi hiyo naijaza unga wa mfupa. Baada ya miezi sita unga unakuwa mfupa wako mwenyewe, na mimi napata pa kupandikiza meno. Tuko pamoja?"

Karani alisema "Aa," kwa sababu ndicho pekee alichoweza kusema.

Magego mawili ya upande huo aliyapoteza miaka saba nyuma, yote ndani ya mwezi mmoja. Alikuwa akisaga meno usingizini. Mumewe alikuwa mpima hali ya hewa katika kituo kilichoko mlimani, mwendo wa siku mbili kwa basi, na katika miaka kumi na miwili ya ndoa walikuwa wamekaa nyumba moja kwa siku mia tatu thelathini na sita tu, yaani likizo ya siku ishirini na nane mara kumi na mbili. Siku zote zilizobaki karani alilala peke yake na kusaga. Magego yalipotoka, mfupa uliokuwa ukiyashikilia ukakosa kazi, ukaanza kuyeyuka, na kile kijumba cha hewa kikateremka taratibu kuja kukalia nafasi yake. Daktari alimwonyesha kwenye eksirei: pale palipotakiwa kuwa na mfupa palikuwa na hewa tupu.

Kilichompeleka kwa daktari ni likizo iliyopita. Siku ya pili ya likizo hiyo mumewe alisimulia jinsi mbuzi alivyoingia kituoni akala karatasi za mvua za mwezi mzima, na karani akacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Mumewe akakishusha kile kiganja.

"Umeanza lini kujificha ukicheka?" akamuuliza.

 Likizo ilipoisha, karani akaenda kuchukua miadi.

Daktari alipomaliza kushona, alimpa karatasi ya maagizo na kuisoma naye mstari kwa mstari. Asipenge kamasi kwa wiki mbili. Akitaka kupiga chafya, aachame. Asinywe kitu kwa mrija. Alale kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Ale vyakula laini. Asipande ndege mpaka aruhusiwe.

"Ndege nitaipandia wapi, daktari?" karani alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Mimi na ndege tunajuana kwa mlio tu."

"Nasoma kilichoandikwa," daktari akajibu.

Karani aliishi na wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye maneno machache na jicho la sentimita. Kesho yake asubuhi wifi huyo aligundua kwamba kandambili za karani hazitoi sauti sakafuni.

"Wifi, hebu simama hapo hapo."

Karani akasimama. Wifi akapiga magoti, akachukua ile karatasi ngumu anayokatia vipimo vya mikono ya mashati, akaipitisha chini ya nyayo za karani kutoka upande huu hadi upande ule bila kugusa kitu. Kisha akaleta rula, akafumba jicho moja.

"Milimita nane."

"Ndizo alizoniinua," karani akasema.

"Basi kazi yake kaifanya sawasawa." Wifi akainuka, akajipangusa magoti. "Kunywa uji, unapoa."

Shavu lilivimba siku mbili, likawa kama lililowekewa limau, kisha likaanza kupungua. Kimo, kwa upande wake, kiliongezeka. Kufikia Alhamisi karani alijua utaratibu wake: akivuta pumzi kwa pua anapanda, akiitoa kwa mdomo anashuka, akizuia pumzi anakaa pale pale alipo. Jioni hiyo wifi alikuwa akikaanga vitunguu. Harufu ilimfikia karani mlangoni, akavuta pumzi ndefu kwa raha, na kisogo chake kikagonga dari.

"Usiniangushie utandabui kwenye mboga," wifi akasema bila kugeuka.

Karani akajisukuma kwa mikono kutoka kona hadi kona. Akaizunguka balbu. Akaona kwamba juu ya kabati la vyombo kulikuwa na kifuniko cha sufuria walichokitafuta tangu mwaka juzi, akakiteremsha. Kitu fulani kikamtekenya kifuani, akaanza kucheka, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshikilia dari, hakuwa na cha kufunikia mdomo. Alicheka kinywa wazi, pengo wazi, mpaka pumzi ikamwishia, akashuka chini taratibu kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba.

Ijumaa akampigia daktari simu.

"Utando umeitikia vizuri," daktari akasema. "Unatoka damu?"

"Hapana."

"Homa?"

"Hapana. Ila nagusa dari."

"Maliza dozi ya dawa."

"Wengine nao huwa hivi?"

"Hapana, wewe ni wa kwanza. Lakini sina cha kushona hapo."

Wifi alichukua sketi tatu za kazini za karani, akazishonea kokoto kwenye pindo, kokoto mia moja na ishirini kwa kila sketi, na Jumatatu karani akarudi kazini akitembea kama watu wengine, ila kwa kelele kidogo.

Masijala aliyofanyia kazi ilikuwa ya Ofisi ya Uhamisho wa Watumishi. Ilikuwa na dirisha moja la kuhudumia watu, meza tatu, na makabati sita ya chuma yaliyosimama ukutani, marefu hivi kwamba kati ya vichwa vyao na dari palibaki nafasi ya mtoto kukaa. Watumishi waliofika dirishani wengi wao walikuwa wameoana na mtu aliyepangiwa kazi kwingine. Wauguzi, walimu, mabwana shamba, mafundi umeme. Walijaza fomu, wakaambatisha picha ya harusi kama ushahidi, wakaenda zao, wakarudi baada ya miezi kuuliza. Karani alifungua daftari, akatafuta namba, akawajibu walivyofundishwa wote pale ofisini kujibu: "Faili lako liko juu."

Juu, kwa ufahamu wake, ilikuwa ghorofa ya pili, kwa wakubwa. Hata ombi la mumewe mwenyewe, aliloliandikisha kwa mkono wake mwaka wa kwanza wa ndoa, lilikuwa juu. Alikuwa haulizi sana. Hakutaka ionekane anajipendelea.

Jumatatu hiyo alikuja mwalimu wa hesabu. Alikuwa akija kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kwa miaka minane sasa, amesafiri na basi la alfajiri, vumbi la chaki bado liko kwenye kucha. Mume wake alikuwa fundi wa maabara katika hospitali iliyo upande mwingine kabisa wa nchi.

"Shikamoo ya kwako nitaipokea baadaye, dada," mwalimu akasema, ingawa karani hakuwa amemwamkia. "Nijibu kwanza. Lipo?"

"Liko juu, mwalimu."

"Mimi nafundisha hesabu," mwalimu akasema. "Kitu kikipanda miaka minane bila kushuka, ningekuwa nimeshakikokotoa kimefika wapi. Juu wapi?"

Karani aliinama kufungua daftari ili angalau apate tarehe. Sketi ikakwama kwenye msumari wa kiti. Pindo likafumuka kuanzia mwanzo hadi mwisho, kokoto mia moja na ishirini zikamwagika sakafuni, na kwa kuwa alishtuka akavuta pumzi kwa pua, akaondoka kitini akaenda juu.

Mwalimu alimfuata kwa macho. "Pole," akasema. "Nitakuokotea."

Huko juu palikuwa na joto na harufu ya karatasi kuukuu. Karani alijizuia kwa kushika ukingo wa kabati la kwanza, akainua kichwa, na akayaona mafaili. Yalikuwa yamelazwa juu ya makabati yote sita, safu juu ya safu, kutoka ukutani mpaka ukingoni, yamefunikwa na vumbi nene kama blanketi la hospitali. Alipuliza moja. Akasoma namba, akaikumbuka. Muuguzi huyo alikuwa ameacha kuja dirishani miaka mitatu iliyopita. Akapuliza la pili, la tatu. Yote aliyajua. Mwenye kila faili alikuwa ameshamwambia, kwa sauti ya upole na ukweli mtupu, kwamba liko juu.

La mwalimu lilikuwa kwenye kabati la nne. La mumewe lilikuwa kwenye kabati la sita, chini kabisa ya rundo, kwa sababu ndilo lililotangulia. Ndani yake ile fomu ilikuwa kama alivyoijaza: mwandiko wake wa zamani, wa mviringo, wa mtu ambaye hajachoka. Sehemu ya muhuri ilikuwa nyeupe. Picha ya harusi ilikuwa imebanwa kwa pini iliyoshika kutu, na kutu hiyo ilikuwa imempita mumewe katikati ya tai.

Karani alihisi machozi yanakuja, na nyuma ya machozi kamasi, akakumbuka kwamba kupenga kumekatazwa kwa wiki mbili. Ikabidi ayarudishe yote ndani. Akatoa pumzi kwa mdomo, akashuka na mafaili mawili kifuani.

"Limepatikana," akamwambia mwalimu.

"Lilikuwa wapi?"

"Juu ya kabati."

Mwalimu akaweka kwenye kizingiti cha dirisha kiganja cha kokoto zilizobingirika mpaka nje. Akalipima kabati kwa macho. "Mita mbili na nusu," akasema. "Kwa miaka minane." Halafu akacheka, kicheko kifupi kikavu, karani naye akacheka, wakajikuta wamelaliana kwenye dirisha, mmoja ndani mmoja nje, wanavunjika mbavu mpaka watu wa kwenye foleni wakaanza kutabasamu bila kujua kisa.

Mkuu wa ofisi alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kumpigia mtu kelele, na leso yake ilikuwa na mkunjo wa pasi siku zote. Alimpokea karani, akamkaribisha kiti, akamwona hakikalii bali yuko juu yake kidogo, akaendelea.

"Ah," alisema alipoyaona mafaili. "Hayo ni ya juu."

"Yako juu ya makabati, mkuu. Mamia."

"Ndiyo. Tuliyapandisha kwa muda tu, tukisubiri utaratibu mpya wa uhamisho. Wakati ule tulikuwa na ngazi. Baadaye ngazi ikaazimwa na idara ya ujenzi."

"Na utaratibu mpya?"

"Ulikuja."

"Uko wapi?"

Mkuu alinyoosha kalamu yake kuelekea darini, bila haya wala ubaya, kama mtu anayeonyesha mlango wa msalani. Kisha uso wake ukachangamka. "Lakini sasa wewe unafika kule. Hili ni jambo kubwa. Tumekaa miaka kumi na moja bila mtu wa kuyapanga. Yapange kwa alfabeti, tafadhali. Na hayo mawili niachie mezani nitayaangalia."

Karani aliyapanga kwa siku tatu. Yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Faili la utaratibu mpya alilikuta kwenye kabati la pili, akaliteremsha pia. Mkuu akamshukuru, akasema litapelekwa kwa wakubwa, na kwa kuwa wakubwa walikuwa wametangaza kwamba hawapokei tena karatasi mpaka mtambo wa kompyuta usimikwe, lilirudishwa lilikotoka kwa usalama.

Ijumaa mumewe alipiga simu, kama kila Ijumaa. Karani alimweleza yote, ya taya na ya kabati.

"Unainuka kiasi gani?" mumewe akauliza.

"Inategemea pumzi."

Karani alisikia karatasi zikifunuliwa. Mumewe alikuwa mtu wa kuandika kila upepo uliowahi kumpitia. "Sikiliza," akasema. "Huko kwenu, Ijumaa kuanzia saa tisa alasiri, upepo wa chini unavuma kuja huku. Si mkali, lakini hauchoki. Jumapili mchana ule wa juu unarudi kwenu. Huwa nauandika kila wiki, miaka yote hii, na kila nikiuandika najisemea, tazama, huu unapita kwangu unaenda kwake."

"Daktari kakataza ndege."

"Ndege ina mbawa. Wewe una mbawa?"

Karani akampigia daktari. Daktari akaisoma tena karatasi yake, mstari kwa mstari, akasema kweli haikutaja kitu kingine, ila wiki mbili za kwanza zipite, na masikio yakimuuma ashuke.

Basi Ijumaa ya tatu, saa tisa na dakika tano, karani alitoka kwenye uwanja wa nyuma wa ofisi akiwa amevaa sweta mbili, mfuko mgongoni, na suruali ya wifi yake kwa ajili ya heshima. Mkuu wa ofisi alimwona kutoka dirishani akampungia leso. Karani akavuta pumzi kwa pua.

Paa la ofisi likashuka. Likafuata paa la jengo la pili, halafu mti, halafu mti ukawa kitu cha kijani kama mboga iliyosahauliwa mezani. Upepo ukamshika mgongoni, mpole na thabiti kabisa, kama mkono wa mtu anayekupisha mlangoni. Alipita juu ya kiwanda cha matofali. Alipita juu ya shule ambako watoto walikuwa wakicheza mpira. Kivuli chake kikakatiza uwanja na mwamuzi akapuliza filimbi, lakini ilikuwa ni kwa sababu mtu alishika mpira. Fundi bati mmoja aliyekuwa amekalia paa lake alimwita.

"Dada! Hiyo nyundo hapo kwenye ukingo, nisogezee, nikisimama bati litaniponyoka."

Akashuka akamsogezea. Fundi akashukuru, akaendelea kugonga. Karani akapanda tena, na sasa furaha ilikuwa imempanda kichwani kama mtu aliyekunywa soda kwa mkupuo mmoja. Akajigeuza kifudifudi, akajigeuza chali. Akaimba nyimbo mbili na kusahau maneno ya zote mbili. Akapiga kelele ya "Oyaa!" kwa malori yaliyokuwa yakipanda mlima kwa foleni, na dereva mmoja akampigia honi. Njia ya siku mbili ilimchukua saa tatu na nusu.

Mumewe alikuwa amesimama kando ya kipima upepo, daftari mkononi, shati jeupe. Alimwona kwa mbali akiwa nukta, akaandika saa. Karani alipokaribia, mumewe alirukaruka mpaka akamkamata kifundo cha mguu, akamvuta chini taratibu kama mtu anayeshusha tiara ya karatasi asiichane.

"Nilikukadiria dakika nne zilizopita," alisema.

"Niliombwa nyundo."

Mumewe akaiandika hiyo pia. Kisha akafunga daftari, akamshika mabega, akamtazama usoni. Karani alicheka, na mikono yake ilikuwa imemshika mumewe, kwa hiyo alicheka hivyo hivyo.

Jumamosi walikula mchana mezani kama watu waliooana, karani amefungwa kwa mkanda kwenye kiti. Walifua mashuka. Waligombana kuhusu chumvi. Lilikuwa gombano lao la kwanza la ana kwa ana katika mwaka ule ambalo hakuna aliyeliacha katikati kwa kuogopa kuharibu likizo, na walilifurahia mno hata walipomaliza wakalirudia. Jumapili mumewe alimwelekeza jinsi ya kuupata upepo wa juu, akamfunga skafu shingoni, akamwachilia.

Ikawa hivyo kila wiki. Mkuu wa ofisi alimwandikia ruhusa ya kudumu ya kutoka saa tisa siku za Ijumaa. Hesabu ya siku zao ikaanza kukimbia, na mumewe, ambaye alizoea kupima vitu vinavyonyesha kidogo kidogo, alikiri kwenye simu kwamba hajui tena ni ngapi.

Miezi sita ilipotimia daktari alimpiga eksirei nyingine, akaishika kwenye mwanga, akafurahi. Pale palipokuwa na hewa palikuwa na mfupa mweupe, mnene, mzuri.

"Tayari," alisema. "Wiki ijayo naweka skrubu mbili, juu yake meno. Utatafuna mpaka mifupa ya kuku."

"Nitashuka?"

Daktari alikuwa mkweli. "Nadhani. Chuma kikishika mfupa, utando hutulia. Hutaruka tena. Lakini si ndilo tulilolitaka? Meno?"

Karani akamwomba muda. Alijisemea kwamba kama ombi la mumewe litakubaliwa, atapandikiza meno siku hiyo hiyo, atashuka, atatembea kwenda kumpokea kituo cha basi kwa miguu yake. Jumatatu akaenda kwa mkuu wa ofisi. Kabla hajafungua mdomo, mkuu akainuka na kumpa mkono.

"Nilikuwa nataka kukuita. La mumeo limejibiwa."

Faili lilikuwa mezani, limepanguswa vumbi. Kwenye ile sehemu nyeupe palikuwa na muhuri wa zambarau, wino bado unang'aa. Karani akasoma: *Ombi limefikiriwa kwa kina. Imebainika kuwa mke wa mwombaji humfikia kila wiki kwa njia zake mwenyewe. Sababu ya uhamisho haipo tena. Limekataliwa.*

"La kwanza kujibiwa katika miaka kumi na moja," mkuu alisema. Macho yake yalikuwa na unyevu kidogo. Alikuwa ameguswa kweli. "Nimelishughulikia mwenyewe."

"Mkuu," karani akasema, "nikipandikiza meno, nitashuka. Sitaweza tena kumfikia."

Mkuu alifikiri. Hakuwa mtu wa kutoa jibu la haraka.

"Basi usipandikize," alisema kwa upole.

Nyumbani wifi aliisoma nakala ya lile jibu mara mbili, sindano mbili mdomoni.

"Yaani kaka yangu kakatazwa kurudi nyumbani kwa sababu mkewe anaruka."

"Ndiyo."

"Na ungekuwa hauruki?"

"Lingekuwa bado liko juu."

Wifi akatoa sindano mdomoni ili apate kutukana vizuri. Alipomaliza alichukua ile suruali ya safari, akaitia zipu mpya na mfuko wa ndani wa barua, kwa sababu hasira ikimshika huwa hawezi kukaa bila kushona. Mume wa karani, kwenye simu, aliomba asomewe jibu lote tena.

"Meno ni yako," alisema. "Usinifanyie mimi. Mimi nakupenda hata ukiniramba ugoro." Ugoro hakuna aliyewahi kuutumia katika nyumba yao, lilikuwa neno tu lililomtoka. Wakacheka mpaka salio likaisha.

Karani akamwambia daktari asubiri. Daktari akaziweka zile skrubu mbili kwenye droo, akaandika jina lake kwenye kibahasha.

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa kwenye dirisha la masijala, limesainiwa na mkuu wa ofisi: waombaji wenye wenza walioko mbali wanashauriwa kwanza kumwona daktari wa meno. Mwalimu wa hesabu alilisoma Jumatatu ya kwanza ya mwezi, akalikokotoa, akaenda moja kwa moja zahanati. Daktari alimpiga eksirei, akamrudisha.

"Wewe huna pengo," alimwambia. "Kijumba chako cha hewa kiko mahali pake. Siwezi kuinua ambacho hakijashuka."

Mwalimu aliaga kwa adabu. Baada ya miezi mitano alirudi, magego mawili hayapo, na juu ya taya lake hewa ilikuwa imeshaanza kuteremka. Alisema yalikuwa mazima kabisa, hayakumpa taabu yoyote maishani, na kwamba aliyemng'oa alimuuliza mara tatu kama ana hakika. Daktari alikaa kwenye kile kiti chake cha mgonjwa, akaitazama picha ya paka kwa muda. Kisha akavaa glavu.

Mwalimu hakuwa peke yake. Mwaka ulipoisha daktari alikuwa ameinua sakafu arobaini na moja, na hakuwa amepandikiza jino hata moja. Ilibidi anunue droo ya pili kwa ajili ya vibahasha.

Ijumaa moja alasiri, mahali ambapo upepo wa chini hugawanyika mara mbili, karani aliwakuta watu kumi na saba wakingoja upepo wa kwao. Kulikuwa na muuguzi na termosi, bwana shamba na mche kwenye mkebe, fundi umeme aliyelala usingizi akizungukazunguka polepole. Mwalimu wa hesabu alikuwa miongoni mwao, mfuko wa madaftari ya kusahihisha umening'inia kiunoni.

"Wako yupo leo?" karani akamuuliza.

"Yuko zamu mpaka kesho saa nne."

"Sasa unawahi nini?"

"Kumpikia. Anikute nimemaliza, nijifanye sikumngoja." Mwalimu akacheka, kinywa wazi, na kushoto kabisa pengo lake likaonekana. La karani likaonekana pia. Yule muuguzi akawasikia, akaanza naye, kisha bwana shamba, na kwa kuwa kicheko kizuri hakichekwi bila kuvuta pumzi, wote kumi na wanane wakapanda mita nyingine sitini na kukosa upepo wa kwanza. Wakangoja wa pili.

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, kila mmoja alikuwa kwenye kituo chake cha kazi. Hakuna aliyechelewa, na mkuu wa ofisi, katika taarifa yake ya mwaka, aliwataja kama mafanikio.